Kreti Isiyohesabiwa

Ukiona mbuzi wa Malaba amekataa nyanya, jua soko limekufa. Mbuzi wa Malaba hawajui kukataa kitu. Hula karatasi za forodha, hula kamba za maturubai, na kuna dereva wa trela aliyelala chini ya gari lake akisubiri kuvuka, akaamka suruali imebaki mguu mmoja. Lakini asubuhi ile mbuzi walisimama kando ya mtaro uliojaa nyanya nyekundu, wakanusa, wakageuza nyuso kama watu waliotukanwa. Gentrix Mukhwana aliwaona kutoka mlangoni mwa kibanda chake, akacheka. Kisha akamwona mama aliyekuwa akizimwaga zile nyanya, na kicheko kikamkauka.

Mama huyo alikuwa Fazila, mchuuzi wa mji wa Busia, mwanamke wa miaka hamsini na ushei, buibui limekunjwa hadi magotini kwa sababu ya maji ya nyanya. Alikuwa amebakiza kreti moja.

"Mama, unamwaga chakula?" Gentrix akamuuliza.

"Sasa nitafanya nini, na hata mbuzi imeshiba?"

Akakaribishwa kibandani, akapewa chai, akaeleza. Wako kumi na mmoja, wanawake wa Busia wanaonunua nyanya za Uganda zikishushwa mpakani asubuhi, kila mmoja kreti zake, kisha wanatawanyika kwenda kuuza Bumala, Angurai au Malaba, kutegemea wapi bei imepanda. Hakuna anayemwambia mwenzake anakokwenda. Ukimuuliza atakujibu, "Naenda mbele." Siku ile kila mmoja alikuwa amesikia Malaba haina nyanya, na wote kumi na mmoja wakaja Malaba. Kule Angurai, si mbali na hapo, watu walipika mboga bila nyanya.

"Si muambiane tu?" Gentrix akasema.

Fazila akamtazama kwa huruma, jinsi unavyomtazama mtu anayeuliza kwa nini mvua isinyeshe juu ya shamba peke yake. "Nikiambia Janat napeleka kreti kumi Angurai, atafika kabla yangu na kumi na tano. Na tunapendana, wewe! Mtu akifiwa tunaenda. Mtoto akizaliwa tunaenda. Lakini nyanya ni nyanya."

Inafaa nikuambie Gentrix ni nani, maana ukimwona kwenye kile kibanda cha mabati utadhani anauza chaji ya simu tu, na chaji anauza kweli. Kwa miaka sita alikuwa karani wa wakala wa forodha, akijaza hati za malori. Alizijua namba za trela kuliko namba za simu za ndugu zake. Wakala alipofunga ofisi alimwachia kompyuta moja kuukuu iliyokuwa ikipumua kama mzee mwenye pumu, na Gentrix akaichukua, akafungua kibanda cha kuchapisha fomu. Saa za mchana, foleni ikilala na madereva wakiwa hotelini, alijifundisha kuandika programu. Hakuna aliyemtuma. Watu walipita, wakamwona anaongea na kompyuta peke yake, wakasema huyu msichana wa Mukhwana ameachwa na mtu.

Maneno ya Fazila hayakumtoka kichwani. Kumi na mmoja wanahitaji kujua kitu kimoja tu: jumla. Kreti ngapi zinaelekea Bumala leo, ngapi Angurai, ngapi Malaba. Za nani, hakuna anayehitaji kujua. Basi je, unaweza kujumlisha namba ambazo huzioni? Swali lilimkera wiki nzima. Alianza kutafuta, akasoma, akasoma tena, na mchana mmoja akakutana na jibu. Akasukuma kiti nyuma, akasimama katikati ya kibanda mikono kichwani. Inawezekana! Na si jambo jipya, watu wa hesabu walilijua siku nyingi. Gentrix aliona haya kidogo kwamba kitu kizuri hivyo kilikuwapo duniani muda wote yeye akijaza fomu za trela.

Wiki iliyofuata alikwenda Busia, nyumbani kwa Fazila, akawakuta wanawake watano wamekaa mkekani. Katikati yao alikuwa Janat mwenyewe, mwembamba, mkali, mwenye sifa ya kutomwambia mtu hata saa ikiwa anayo mkononi. Gentrix hakueleza kompyuta wala nini. Alitoa simu, akafungua kikokotoo, akampa Fazila.

"Mama, weka namba yoyote kubwa, uifiche moyoni. Ongeza kreti zako za leo. Mpe jirani yako. Na wewe ongeza zako, upitishe."

Simu ikazunguka. Kila mmoja alijikunja nayo ubavuni kama anayenyonyesha. Ilipomfikia wa pili ilikuwa na namba isiyo na maana, na wa tatu isiyo na maana zaidi, hadi ikarudi kwa Fazila ikisoma elfu moja na hamsini na nane.

"Sasa toa ile namba yako ya moyoni."

Fazila akatoa. Akaangalia. Akawaonyesha: arobaini na moja.

Kila mwanamke alijumlisha kichwani, akakisia, akawatazama wenzake. Jumla yao ilikuwa pale, wazi, na hakuna aliyejua ya mwenzake. Janat akainyakua simu, akaigeuza, akatazama nyuma yake.

"Rudia."

Wakarudia mara tatu. Mara ya tatu Janat alidanganya makusudi, akaweka kreti mia, na jumla ikafura, na hata hapo hakuna aliyeweza kumnyooshea kidole mpaka alipocheka mwenyewe. Fazila alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa chake. "Subhanallah," akasema. "Kumbe mtu anaweza kusema na asiseme."

Vyaelea vimeundwa, na hiki kiliundwa kwa miezi saba. Ukitaka kujua programu ilivyofanya kazi, ni hivi. Mama anaandika kwenye simu yake kreti ngapi na soko gani. Simu inaivunja ile namba vipande vitatu: kimoja kinakwenda kwenye kompyuta ya Malaba, kimoja kwenye simu iliyowekwa dukani kwa Fazila, kimoja kwenye simu ya Simiyu, karani wa ushuru kwenye lango la soko la Bumala. Kipande kimoja peke yake ni takataka. Lakini vipande vya watu wote vikijumlishwa kila mahali, na jumla hizo tatu zikikutana, uongo wote uliotiwa ndani yake unakatana na kuisha, na ukweli unabaki umekaa peke yake. Gentrix alikuwa amekiona hicho kitu mara mia katika majaribio, na kila mara alihisi kifua kinamjaa. Alikuwa amekiandika kwa vidole vyake na bado hakukizoea.

Hapa sasa lazima niseme jambo ambalo yeye mwenyewe angependa nisiseme. Alipokuwa akijenga, alitoboa kidirisha. Kabla namba haijavunjwa, nakala yake iliruka kimyakimya hadi kwenye faili moja ndani ya kompyuta yake, pamoja na jina la mwenyewe na soko analokwenda. Kilikuwa cha kutafutia makosa. Alikusudia kukiziba kabla akina mama hawajaanza, na hakukiziba. Aliogopa programu ikikwama asijue pa kuanzia. Akawaambia wanawake kumi na mmoja kwa kinywa chake, "Hakuna atakayeona, hata mimi," na faili ikiwa pale pale.

Siku ya kwanza ya soko, saa kumi na mbili asubuhi, namba ziliingia. Programu ikasema: wanawake saba wanakwenda Bumala, kreti sitini na nne, wanne Angurai, kreti thelathini. Wawili kati ya hao wanne walikuwa wameandika Bumala kwanza; walipoona uzito wake wakabadilisha, wakaandika Angurai, na siku ile hakuna aliyemwaga nyanya. Gentrix aliamkia Bumala, akakaa na Simiyu langoni. Pale nyanya za mashamba ya karibu huingia kwa ndoo na karai. Kreti za mbao ni za akina mama wa Busia tu, na Simiyu hukata risiti kwa kila kreti. Jioni akajumlisha vishina vya risiti.

"Sabini na moja, madam."

"Hesabu tena."

"Nimehesabu mara mbili. Sabini na moja."

Saba zilizidi. Gentrix alipanda bodaboda moyo mzito. Mtu amedanganya, alijiambia. Kama mmoja anaficha kreti saba, wengine watajua, na watafanya vilevile, na jumla itakuwa porojo kama porojo nyingine za sokoni.

Habari hazina miguu lakini hukimbia. Kesho yake Janat alikuwa mlangoni mwa kibanda, Malaba, amekuja kwa nauli yake.

"Nimeskia kuna mtu anaficha. Nani?"

"Sijui, mama."

"Mashine yako haijui?"

"Imetengenezwa isijue."

"Basi ni ya nini?" Janat akakunja mikono. "Mimi niliweka yangu ya ukweli. Nimekaa kwa hii biashara miaka ishirini sijawahi kuambia mtu ukweli, nikaambia hiyo simu yako. Halafu mwingine anacheza na sisi? Tafuta huyo mtu. Ukikosa, sisi tunatoka. Na tukitoka, dada, haturudi."

Alipoondoka, Gentrix alikaa mbele ya kompyuta. Faili ilikuwa pale. Kubonyeza mara mbili tu. Angemjua mwongo, angempeleka mbele ya wenzake, na kazi ya miezi saba ingepona. Nani angejua alikojulia? Lakini ndani ya faili ile ile palikuwa na Janat, na njia zake zote alizozificha miaka ishirini, na Fazila aliyewaleta wengine kwa dhamana ya jina lake. Gentrix aliweka kidole kwenye kitufe. Akaja dereva wa Mombasa, akataka fomu. Akamchapishia. Akaja mwingine. Hadi foleni ilipokwisha, kidole kilikuwa kimeshindwa, na sitasema ni kwa sababu ya wema. Alisema baadaye kwamba aliona aibu tu, kama mtu aliyekutwa akichungulia bafuni.

Akasubiri soko la pili. Programu ikasema: watano Bumala, kreti hamsini na mbili. Simiyu akahesabu risiti: hamsini na saba.

Saba wakaenda, saba zikazidi. Watano wakaenda, tano zikazidi.

Gentrix alisimama pale langoni, mikokoteni ikimpita huku na huku na mwenye kuku akimfokea atoe mguu. Haraka akapiga simu kwa karani wa ushuru wa soko la Angurai. Wanawake sita walikwenda huko. Programu ilisema arobaini na nne. "Hamsini kamili," karani akajibu. Sita!

Alikwenda Busia moja kwa moja, akamkuta Fazila akichambua nyanya dukani.

"Mama, nakuuliza kitu. Kuna kreti hamhesabu?"

Fazila akasita na nyanya mkononi. "Ile ya njia?"

"Ya njia gani?"

"Eh, si ile moja. Huwezi hesabu mzigo yako yote kwa mdomo kabla haijafika sokoni. Ukihesabu yote, njia itachukua yake. Gari litapinduka, ama mvua, ama polisi. Unaacha moja bila kuhesabu, hiyo ni ya njia. Mamangu alifanya hivyo. Kila mtu anafanya." Akashangaa. "Hukujua? Na wewe ni mtu wa huku?"

Gentrix alivuta ndoo akaikalia. Unaona alichokiona? Wanawake kumi na mmoja ambao Busia nzima inawajua kwa uongo wa soko, ambao hawajawahi kutaja idadi ya kweli mbele ya binadamu, walipewa mahali pa kusemea pasipo na macho, na hakuna hata mmoja aliyedanganya. Hata mmoja! Kila mmoja alitoa hesabu yake sawasawa, akaacha ile moja anayomwachia Mungu na barabara. Machozi yalimjia Gentrix bila kumwomba ruhusa. Alikuwa amejenga kitu cha kuwalinda watu na waongo, na ndani yake hakukuwa na mwongo isipokuwa yeye.

"Niwaambie wawe wanaihesabu?" akauliza.

"Haiwezekani," Fazila akasema. "Waambie wavue nguo kwanza."

Basi hakuwaambia. Alirudi Malaba, akaongeza mstari mmoja kwenye programu: kwa kila mama anayeingiza namba, ongeza moja. Hesabu ingekaa sawa na njia ingebaki na yake. Kisha akafungua mahali faili ilipokuwa, akaifuta bila kuifungua, akaziba kidirisha. Angeweza kuishia hapo. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa yeye peke yake. Lakini hakupata usingizi wa maana, na siku mbili kabla ya soko akaomba wote kumi na mmoja wakutane kwa Fazila.

Akawaambia kwanza kwamba hakuna aliyeficha. Kosa la hesabu lilikuwa lake na amelirekebisha. Nyuso zikalegea. Kisha akawaambia habari ya kidirisha, yote, hata kidole kwenye kitufe.

Nyuso zikafunga kama maduka ya mjini yakisikia ghasia.

"Ulichungulia?" Janat akauliza.

"Sikuchungulia."

"Tutajuaje?"

"Hamtajua, mama. Sina njia ya kuwaonyesha. Nimeifuta. Nina neno langu tu, na neno langu la kwanza lilikuwa uongo."

Janat akainuka, akajifunga leso yake kiunoni, akatoka. Akafuata wa pili. Wakatoka mmoja mmoja bila kuaga, na hakuna aliyetukana, jambo ambalo kwa wanawake wa soko la Busia ni baya kuliko matusi. Fazila akabaki peke yake, anakusanya vikombe.

"Ungenyamaza," akasema. "Nani angejua?"

"Mimi najua, mama."

Fazila akatikisa kichwa. Gentrix hakuelewa kama ni kwa kumkubali au kwa kumsikitikia, na hakuwa na uso wa kuuliza.

Siku ya soko alifungua kibanda mapema, kwa sababu tu mikono ilizoea. Saa kumi na mbili kompyuta ilikuwa na sifuri. Dakika tano baadaye, sifuri. Akaanza kufikiria namna ya kumshukuru Simiyu na kumwambia kazi imekwisha. Kisha ikaingia namba moja, imevunjika vipande vitatu, takataka tupu, nzuri kuliko kitu chochote alichowahi kuona. Ikaja ya pili. Ya tatu na ya nne zikaja pamoja. Alihesabu kwa sauti mpaka kumi na moja, na dereva aliyekuwa mlangoni akamuuliza kama timu yake imeshinda.

Programu ikasema: sita Bumala, kreti themanini na mbili. Gentrix alikwenda mwenyewe, akakaa langoni kutwa nzima, jua lote lilimwishia mgongoni. Soko lilikuwa zuri siku ile, bei imesimama, akina mama wanacheka. Jioni Simiyu akalamba kidole, akapekua vishina.

"Sabini na sita."

Gentrix akakunja uso. Safari hii zimepungua. Zimepungua sita. Lazima ni ule mstari wake mpya, umeharibu kitu; akaifungua programu kwenye simu pale pale, akausoma neno kwa neno. Mstari ulikuwa mzima. Uliongeza moja kwa kila mama, kama alivyouamuru. Akapiga Angurai, walikokwenda watano. Huko nako zimepungua tano.

Alikuwa bado ameshika simu Janat alipomjia kutoka upande wa vibanda, kreti tupu kichwani. Hakusimama kumsalimia. Alipita karibu sana, akapunguza hatua, akasema chini chini huku anaangalia mbele:

"Leo nimekupa yote. Mpaka ya njia. Usiambie Fazila, atasema nimerogwa."

Akaendelea na safari yake kuelekea stendi.

Gentrix akatazama zile namba mbili, sita na tano. Akashika nguzo ya lango. Kila mmoja peke yake, nyumbani kwake, alikuwa ameihesabu na ile ya njia, bila kumwambia mwenzake. Simiyu akamuuliza kama anaumwa, akasema haumwi. Kisha akakaa kwenye benchi ya wakata risiti, akaufuta ule mstari wa kuongeza moja, polepole.